Kila Deni Lina Barabara Yake

Umeamua kutafuta kadi ya mkopo. Hongera. Mtu mzima asiye na deni ni mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwamini, na hapa Kisangani hilo ni tusi zito kuliko kuitwa maskini.

Washauri wengine watakwambia uangalie riba, ada ya mwaka, na unapewa siku ngapi kabla riba haijaanza kuhesabiwa. Waache waseme. Mimi nimeukopa mji huu miaka ishirini, Mangobo mpaka Kabondo, na bado natembea kwa miguu yangu miwili. Nisikilize mimi. Deni la kwetu hulipwa kwa njia. Ukikopa mchele kona ile, kona ile umeiuza. Ukishonewa suruali kwa ahadi na fundi wa karibu na kanisa, Jumapili utasali nyumbani. Kwa hiyo jiulize kwanza: barabara ipi naweza kuishi bila kuipita?

1. Chora ramani.

Chukua karatasi. Chini chora mto Kongo, juu chora mto Tshopo. Katikati weka Makiso, na soko kuu, na mabenki. Pembeni panga komine za Tshopo, Mangobo, Kabondo na Kisangani yenyewe. Ng'ambo ya mto, peke yake, weka Lubunga, tutaihitaji baadaye. Sasa tia alama nyekundu kwenye nyumba yako, kazi yako na kanisa lako. Barabara zinazounganisha hizo tatu ni takatifu, usikope hapo hata kiberiti. Nyingine zote ni mtaji.

Barabara ya kwa mama mkwe iwekee alama ya pekee. Ukikopa vizuri karibu na kwake, utakuwa na sababu ya kweli ya kutokwenda, na mkeo mwenyewe ataitetea.

Fikiria na usafiri. Toleka, ile baiskeli yenye mto wa sponji nyuma, imepewa jina zuri la Kilingala: tupite. Ila haipiti haraka, na mwenye kuiendesha anamsalimia kila mtu njiani. Mwenye madeni apande pikipiki.

2. Kadi ya plastiki ni ya macho.

Hii ndiyo uliyoijia, najua. Inang'aa, ina jina lako kwa herufi zilizoinuka. Lakini nikunong'oneze: kadi nyingi za Visa zinazolala kwenye pochi za mji wetu hazikopeshi mtu. Zinatoa pesa uliyoweka mwenyewe, au zinakutaka uzijaze kwanza ndipo utumie. Unajikopesha mwenyewe, tena kwa ada. Usimwambie mtu. Jina Visa limeandikwa pale, nani atauliza ya ndani?

Kadi ya mkopo ya kweli ni mnyama mwingine. Benki inakununulia leo, mwisho wa mwezi inakuletea hesabu. Ukishindwa kulipa yote inakuruhusu, kwa upole wa ajabu, ulipe kiasi kidogo cha chini kabisa. Upole huo una kazi yake. Kiasi hicho kimepimwa ili deni lisife njaa. Wewe unalilisha kila mwezi, linanenepa, na hakuna anayekuita mdaiwa mbaya.

Wenzetu walianza zamani. Mwaka 1958 Bank of America iliwapelekea watu wa Fresno, California, kadi 60,000 kwa posta, bila wao kuziomba. Waliopanga mradi walitarajia akaunti 4 katika kila 100 zichelewe kulipa. Zilichelewa 22. Bosi wa mradi akaondoka kazini, kadi ikabaki, na mwaka 1976 ikabadilishwa jina ikawa hiyohiyo Visa yako. Ona nani aliyepoteza kazi, na nani aliyebaki na friji.

Namna ya kuitumia hapa mjini ni hii. Nenda mkale samaki na lituma na mwenzako mwenye uwezo. Bili ikija, toa pochi taratibu. Weka kadi mezani, nambari zikitazama juu. Uliza, kwa sauti ya mtu aliyeteremka jana kwenye ndege ya Brussels, kama wanapokea kadi. Mhudumu atasema hapana. Tikisa kichwa kwa huzuni ya mtu anayelionea taifa huruma, halafu mgeukie mwenzako. Atalipa. Nimekula hivyo mara nne.

Mara ya tano mhudumu alisema ndiyo. Akaleta kimashine, akakiinua dirishani kutafuta mtandao, akatoka nacho uani, akauzunguka ua wote huku amekishika juu kama padri anayebariki nyumba mpya, na wateja wote wakimfuata kwa macho. Karibu na choo mtandao ukapatikana. Kikaratasi kikatoka, akakisoma kwa sauti ili kunisaidia: pesa hazitoshi. Barabara ile siku hizi naipita usiku tu.

3. Daftari la kibanda.

Kadi ya kweli ya Kisangani ni daftari la shule, jalada limeliwa na mafuta ya mawese, kalamu imefungwa kwa uzi ili isikopwe nayo. Mama wa kibanda anaandika: sukari, sabuni nusu mche, mafuta chupa ndogo. Hakutozi riba. Riba imo ndani ya bei, na wewe huna uso wa kuuliza bei.

Anza kwa kulipa. Ndiyo, kulipa. Mwezi wa kwanza lipa kabla ya siku, tena mbele ya wateja wengine, na ukatae chenji ya faranga 200. Mwezi wa pili lipa siku yenyewe. Kuanzia wa tatu mtume mtoto. Mtoto haulizwi habari ya deni, anaulizwa habari ya shule. Siku atakaporudi mikono mitupu, ujue ukurasa umejaa, hamia kibanda kingine.

Usichungulie daftari. Mimi nilichungulia. Nilidhani nimeandikwa Papa Fulani, kwa heshima ya mtu mwenye watoto na koti. Juu ya ukurasa wangu palikuwa na maneno matatu: Yule wa miwani. Tangu siku ile nikipita pale huivua, na ndiyo maana nimegongana na mti wa maembe mara mbili.

Wahenga wa pwani wanasema kukopa harusi, kulipa matanga. Hawakujua kuwa kwetu matanga ndiyo udhuru wenyewe. Mwenye kibanda akikudai, inama, sema kwa sauti ya chini, "Mama, tuko kwenye matanga." Hakuna mtu wa mji huu atakayemdai mfiwa. Weka hesabu tu ya ndugu uliowazika, maana mama wa kibanda anayo. Mjomba wangu wa Isangi alifariki mwezi wa nne, na mwezi wa saba alipofariki tena, mama yule akanipa pole ya mjomba wa kwanza na wa pili kwa pamoja.

4. Karti ya papa karti.

Hii nayo ni kadi, na ni ya karatasi ngumu kwelikweli. Asubuhi anapita mzee na mkoba, anakupa kipande chenye visanduku 31. Kila siku unampa kiasi kilekile, sema faranga 1,000, naye anatia sahihi kwenye kisanduku kimoja. Mwezi ukiisha anakurudishia 30,000. Elfu moja ni jasho lake.

Mwenye hesabu atakwambia hiyo ni riba inayotembea kinyumenyume: umemlipa mtu akukopeshe pesa yako. Ni kweli, na ni rahisi sana. Kama wewe ni wa aina ile ambayo pesa haiwezi kulala nyumbani kwako bila kuamka saa nne usiku kufuata bia ya Primus, elfu moja ni bei ndogo ya mlinzi. Visanduku kumi na tano vikijaa, anza kumwomba akutangulizie vile vilivyobaki. Mpe kiti, mpe maji baridi, mwulize mgongo. Wengi hukubali.

Hatari yake ni moja. Kuna asubuhi papa karti hapiti. Wala kesho yake. Mtaa mzima unatoka barazani na vikaratasi mkononi, ndipo mnaelewa kwamba na yeye alikuwa amechora ramani.

5. Likelemba: kuwa wa kwanza.

Hapa tutakaa kidogo, maana hapa ndipo akili inalipa. Watu kumi, kila mmoja dola 20 kwa mwezi, na kila mwezi mmoja anakula 200. Wa kwanza amekula 200 akiwa ametoa 20. Amekopeshwa 180 bila riba, bila fomu, bila picha mbili za pasipoti. Wa kumi ametoa 180 kabla ya kugusa kitu. Huyo ndiye benki yenu, na hajui.

Kwa hiyo usilale. Likelemba ikipangwa kuanza mwezi wa tisa, sema ada ya shule. Ikianza mwezi wa kumi na mbili, sema Noeli na mzee wa kijijini. Ikianza mwezi wa sita, usiumize kichwa, sema paa. Mwombe mama anayeshika orodha akupe nafasi ya kwanza. Akiwa ameichukua mwenyewe, na mara nyingi ameshaichukua, mpongeze kwa busara yake na uombe ya pili.

Sasa jaribu litakujia mwezi wa tatu: umeshakula, kwa nini uendelee kutoa? Nakuomba, rafiki yangu, usithubutu. Ukimkimbia mwenye kibanda umepoteza kona moja. Ukiikimbia likelemba umepoteza watu tisa, na kila mmoja ana shangazi, na kila shangazi ana barabara. Utaishi kwenye mstari mwembamba kati ya kitanda na choo. Hata mimi likelemba naiheshimu. Nachelewa tu.

6. Bank Lambert, kwa wanaopenda presha.

Si benki, na Lambert hayupo. Jina lilichukuliwa kwa benki ya Wabelgiji wa zamani. Mwenyewe ni mtu mwenye kiti cha plastiki, kalkuleta, na subira isiyo ya kawaida. Bei yake inajulikana Kongo nzima: chukua 100 leo, rudisha 150 mwisho wa mwezi. Ukikosa, mwezi wa pili ni 225. Wa tatu 337 na nusu. Ile nusu hasahau. Wa nne umepita 500, na ulikuwa umekopa viatu.

Umewahi kuwatazama Wagenia wakivua kwenye maporomoko yetu? Mtego wao ni kikapu kirefu chenye mdomo mpana. Samaki hasukumwi na mvuvi, anasukumwa na maji, na maji yaleyale yaliyomwingiza ndiyo yanayomzuia kutoka. Mvuvi anakuja tu, anavua. Lambert naye anakuja tu.

Lakini nimeahidi kukuonyesha kadi, na hapa ipo. Tangu serikali ilipoanza mwaka 2011 kupitisha mishahara ya watumishi wake benki, mwalimu alipata kadi, na Lambert akapata dhamana. Unamwachia kadi pamoja na nambari ya siri. Nimemwona kwa macho yangu mmoja wao siku ya mishahara, kwenye mstari wa kutolea pesa. Kadi kumi na moja zimefungwa kwa mpira, nyuma ya kila moja kibandiko chenye jina la shule na tarakimu nne. Anaingiza, anatoa, anahesabu, anaweka tiki. Walimu wenyewe walikuwa chini ya mti, wakingoja wapewe kilichobaki cha mshahara wao, na walikuwa wanamwita patron.

Kwa mtu mwenye tabia ya kusahau kadi yake nyumbani, huu ni mpango mzuri. Kadi haipotei. Inatembea kila mwezi bila wewe, na inaijua benki kuliko wewe.

7. Simu.

Haraka tu. Kenya wana mikopo ya simu, M-Shwari tangu 2012 na Fuliza tangu 2019, na anayejua Kiswahili hakuhitaji kusoma masharti: kufuliza ni kufanya jambo mfululizo bila kukoma. Hapa kwetu M-Pesa ilifika 2012. Wengi wetu tulianza kwa kukopa salio la kupiga simu, tunapiga, tunaomba pesa, tunanyimwa, na salio bado tunadaiwa. Sifa ya deni la simu ni kwamba halina barabara. Ubaya wake ni kwamba limo mfukoni mwako na linatetemeka.

8. Chagua pesa inayokufa.

Babu zetu walikuwa na bahati. Mwezi wa kumi 1993 zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire 3,000,000 za zamani. Mwaka 1998 faranga moja ikachukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Bei zilikuwa zimeshayala madeni yote ya mjini; noti mpya zilikuja kuyazika. Aliyekuwa amekopa ng'ombe alidaiwa yai.

Wakopeshaji nao wana kumbukumbu, ndiyo maana sasa wanakuandikia kwa dola. Usikate tamaa. Dola ina udhaifu wake hapa kwetu: ikiwa na mchaniko wa upana wa ukucha, hakuna anayeipokea, si kambisti wa kubadilisha pesa, si duka, si mganga. Tafuta noti ya namna hiyo, uitunze. Mimi ninayo ya dola 20, imechanika kidogo pembeni. Nikidaiwa naitoa bila kusita, naikunjua, namkabidhi mtu kwa mikono miwili. Anaiinua juani, anaigeuza, anaona mchaniko, ananirudishia. Naye anaondoka akiwaambia watu kuwa nilikuwa nataka kulipa. Noti hiyo imeshughulikia madeni matano, na bado ni yangu.

9. Ukibanwa, safiri.

Kuna aliyetutangulia sote. Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, alikuwa mkubwa wa maporomoko haya kabla Wabelgiji hawajayashika, na mwaka 1887 serikali ya Leopold, mfalme wa Wabelgiji, ikampa ugavana wake. Aliuza pembe na aliuza watu, na hilo halina mzaha. Kama mkopaji, hata hivyo, hatujapata wa kumfikia. Nguo, shanga na baruti za misafara yake alizichukua Zanzibar kwa mkopo, kwa matajiri kama Taria Topan, akiahidi kulipa kwa pembe. Safari yake moja aliondoka pwani karibu na 1870 akarudi 1882. Miaka kumi na miwili! Taria Topan alikaa Zanzibar akingoja, na mama wa kibanda changu hakuniongezea hata wiki mbili.

Ni kweli kwamba alirudi na pembe. Usijali sana sehemu hiyo.

Kwa sisi wa kawaida, bara letu ni Lubunga. Mwezi ukiisha vibaya, shuka ufukweni alfajiri, panda mtumbwi, vuka mto. Ng'ambo hakuna anayekujua, kibanda cha kwanza unachokiona kina daftari safi, na ukigeuka nyuma unaliona kanisa kuu na mji mzima unaokudai, mdogo kama picha ya kalenda. Hapo unaweza kuanza upya: lipa mwezi wa kwanza kabla ya siku, kataa chenji.

Ninaandika haya nikiwa ng'ambo hiyo, wiki ya tatu sasa. Jana jioni nilitaka kuvuka kidogo, gizani, nikachukue shati. Mpiga kasia hakuinua kasia.

"Papa, na ya juzi? Na ya Jumatatu?"

Nikamtolea ile dola 20. Akaiinua kwenye mwanga wa simu yake, akaigeuza, akanirudishia kwa heshima. Nikamwambia basi aniandike. Akainama chini ya ubao anaokalia, akatoa mfuko wa nailoni, ndani yake daftari.

"Nikuandike jina gani?"

Nilikuwa nimeivua miwani, kwa mazoea. Nikamwambia aandike Papa Fulani, mwenye watoto na koti. Akanitazama usoni muda mrefu, pale kwenye pua ambapo miwani huacha alama mbili, kisha akafunua kurasa nyuma.

"Wewe umo tayari," akasema. "Dada yangu ana kibanda Mangobo."